Kanisa Alikobatizwa Mume Wangu

Wifi yangu alinipigia simu nikiwa studio, Ipogolo, namsubiri mteja aliyekwenda kuazima shati lenye kola kwa ajili ya picha ya paspoti. Tangu tumzike mume wangu, mimi na wifi hatukuwa tumeongea. Sikukuu ya Krismasi alikuwa ananitumia ujumbe wa heri, ule ambao mtu huwatumia wote waliomo kwenye simu yake, na mimi namrudishia wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipoona jina lake linaita, nilikaa kwanza.

"Siyo msiba," alisema kabla sijauliza. "Wanabomoa kanisa. Uje na kamera yako."

"Kanisa lipi?"

"Wifi, sisi tuna makanisa mangapi?"

Alikuwa anasema lile la Kilutheri la kijijini kwao, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani, kwa tofali za kuchoma, karibu sana na maji. Mume wangu alibatizwa humo, akapata kipaimara humo, na mimi na yeye tulifungia ndoa humo, ingawa kwetu sisi Wahehe mama yangu alitaka harusi iwe Iringa. Wifi akanieleza kwamba kila masika ziwa linapanda, mawimbi yameshakula uwanja wa mbele, na ukuta wa upande wa ziwa umepasuka kiasi kwamba mkono unapita. Kanisa jipya limeshajengwa juu, karibu na barabara. Watu wakimaliza kuvuna mpunga, wanashusha bati la lile la zamani.

"Hapo kwenu hakuna wapiga picha?" niliuliza.

"Vijana wenye simu wako wengi. Mimi nimekuita wewe."

Nikasema nitakwenda. Mteja aliporudi na shati la watu nilimpiga picha, nikampa, akaondoka, nikagundua kuwa sikumwambia hata anyooshe kola.

Lazima nieleze kwa nini ile simu ilinishtua. Mume wangu alikuwa mwalimu. Alikuja Iringa kijana, akapangiwa shule, akanikuta, akabaki. Kisukari kilimsumbua kwa miaka, na mwishoni kikamlaza. Siku moja asubuhi, wodini, tukiwa wawili tu, mimi namchanganyia uji, aliniambia: "Nizike hapa hapa. Usinibebe." Hakusema zaidi. Akanywa uji. Alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Kyela na gari tayari kumchukua, kwa sababu kwao mtu huzikwa kwao. Nikawaambia alichosema. Hakuna aliyeniamini. Nani mwingine alisikia? Hakuna. Muuguzi? Hakuwepo. Binti yetu? Alikuwa Mwanza kwa mumewe, alifika mtu ameshafariki. Walibishana uani kwangu mpaka mchungaji akaingilia, akasema neno la mke lisikilizwe. Tukamzika Iringa. Ndugu zake walitupa udongo, wakapanda gari lao, wakaondoka bila kugusa chakula. Wifi hakuniaga.

Binti yangu nilipomwambia naenda ziwani aliuliza, "Mama, unaenda kufanya nini kule?"

"Kupiga picha kanisa."

"Kwa wale watu?"

"Ndiyo, kwa wale watu."

Nilipanda basi hapo hapo Ipogolo, barabarani, asubuhi ya baridi. Njia hiyo nilikuwa nimezoea kuipita nikiwa nimekaa dirishani na mume wangu upande wa pili, yeye akisoma gazeti mpaka Makambako na akilala kuanzia Makambako. Safari hii jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyekuwa akirudi Ubaruku. Alinisimulia habari za mashine ya kukoboa mpunga iliyoharibika, nami nikamshukuru Mungu kwa ile mashine, maana ilinisaidia nisifikirie nitasema nini nikifika. Aliposhuka Igawa, kiti kikabaki kitupu mpaka Uyole.

Uyole ndipo mume wangu alipokuwa anabadili lugha. Tukishuka tu, kabla hata ya kuchukua mizigo, tayari anaongea Kinyakyusa na wapiga debe, na wauza viazi, na mtu yeyote anayekwenda Tukuyu au Kyela. Sauti yake ilikuwa inakuwa kubwa, anacheka kwa namna ambayo Iringa hakuwa anacheka. Mimi nasimama pembeni na begi, nakuwa mgeni wake. Nilikuwa naudhika kidogo. Siku hii nilishuka na begi la kamera begani, stendi yake ya miguu mitatu mkononi, upepo wa Uyole unapita kwenye sweta, malori ya kwenda mpakani yamejipanga, na nikaulizwa kwa Kiswahili safi, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, "Mama, unaelekea wapi?" Nilijibu. Nikaonyeshwa gari. Basi.

Kutoka pale ni kupanda kidogo, halafu ni kushuka tu. Chai ya Tukuyu, migomba, mvua nyepesi, halafu joto linaanza kukupanda miguuni. Kyela nilikuwa nimeshavua sweta. Nilipofika kijijini jua lilikuwa limeinamia ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, na wifi amesimama barabarani amejifunga kanga mbili, amekuwa mzee.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Umekonda."

Akachukua stendi mkononi mwangu, akatangulia. Njiani wanawake walinisalimia, "Ugonile," nikawajibu "ndaga," neno nililokuwa na uhakika nalo. Waliongeza mengine. Nikatabasamu. Wifi aliwajibu kwa niaba yangu bila kugeuka.

Alinipikia wali na samaki mbasa, vipande vikubwa, vya kichwa akanipa mimi. Tukala. Aliniuliza binti yangu anaendeleaje, nikasema vizuri. Nilimuuliza kakao imezaaje mwaka huu, akasema siyo mbaya. Alinionyesha pa kulala, akaniwekea chandarua mwenyewe, akakichomeka pande zote kama anavyofanyiwa mtoto. Halafu akatoka. Nilisikia mawimbi kwa karibu kuliko nilivyokumbuka.

Asubuhi mzee wa kanisa alinifungulia mlango. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mikono yake ina harufu ya kakao inayochachuka. Alikuwa na ombi moja tu.

"Usiweke mtu kwenye picha. Tunataka jengo lenyewe. Ukiweka mtu, wengine watauliza kwa nini yule na siyo mimi."

Nikasema hakuna shida. Akaniachia ufunguo, akaenda shambani kwake. Mlio wa ndala zake ulipopotea, nikabaki na kanisa.

Sijui wengine wanaonaje, lakini kanisa lisilo na watu siku ya kazi linanitisha kidogo. Walikuwa wameshatoa mabenchi ya mbele. Alama zake zilibaki sakafuni, mistari myeupe kwenye saruji iliyosuguliwa na miguu ya watu. Madhabahu ilikuwa bado, haina kitambaa. Ule ufa wa ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa unaingiza mwanga mwembamba ulioanguka sakafuni na kusogea taratibu, na ndani ya huo ufa niliona maji. Popo walikuwa juu ya dari. Nilifunga kamera kwenye stendi, nikaanza.

Nikajikuta nimekwama kwenye jambo dogo sana. Miaka yote nikienda kupiga picha za ukumbi au kanisa kabla ya harusi, mume wangu kama hana vipindi alikuwa ananifuata, na kazi yake ilikuwa kusimama. "Simama hapo nipime mwanga," namwambia. Anasimama madhabahuni, mikono mfukoni, analalamika kuwa nimemfanya sanamu. Nikikamilisha namwambia toka, ndipo napiga. Watu wameona mamia ya picha zangu za makanisa matupu, na hawajui kwamba kila moja mtu huyo ametoka kwenye picha muda si mrefu. Sasa niliweka begi langu juu ya benchi, nikapima mwanga kwa begi. Ilifanya kazi vizuri tu. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nilipiga dirisha moja moja. Nilipiga mlango, bawaba zake, kengele kwa chini. Nilipiga mahali tuliposimama siku ya ndoa, ambapo hapana alama yoyote, ni sakafu kama sakafu nyingine. Nililia kidogo, kilio kisicho na sauti, huku naendelea kubadilisha lenzi, kisha kikaisha chenyewe.

Nje ndiko kulikokuwa na picha niliyoitaka hasa: kanisa zima, na ziwa nyuma yake, na milima ya Livingstone inavyoshuka mpaka majini upande wa kushoto. Lakini kanisa lilikuwa kubwa na mimi nilikuwa karibu mno. Nikarudi nyuma. Nikatazama kwenye kamera, mnara umekatika. Nikarudi tena. Nilipita michikichi miwili, nikaingia kwenye majani marefu, nikajua nimefika kwenye makaburi ya zamani ya usharika, kwa sababu kisigino kiligonga saruji. Niligeuka nisije nikaanguka.

Mbele yangu kulikuwa na kaburi dogo, limesakafiwa vizuri, lina msalaba wa saruji uliopakwa chokaa. Kwenye msalaba kulikuwa na jina la mume wangu.

Nilifikiri ni mtu wa jina lake. Kwao majina yanarudi, babu, mjukuu, binamu. Nikasogea. Majina yote matatu. Siku aliyozaliwa. Siku aliyofariki, siku ile ile, ambayo mimi ndiye niliyemfunga macho.

Nilikaa chini, kwenye kaburi la jirani. Mimi najua alipo mume wangu. Nilimwona anaingia, nilisikia udongo, kila mwezi naenda kung'oa majani Iringa kwa mikono yangu. Na bado nilinyoosha mkono nikagusa ile saruji kujua kama ni baridi. Halafu hasira ikaja, na hasira yenyewe ilikuwa ya ajabu. Nilijisikia kama mwanamke aliyegundua kuwa mumewe ana nyumba nyingine. Tena nyumba safi, iliyofagiliwa. Kulikuwa na maua ya porini kwenye kopo la maziwa, hayajanyauka.

Wifi alinikuta hapo hapo. Alikuwa ameniletea chai kwenye chupa na ndizi za kuchemsha kwenye bakuli lililofunikwa. Alisimama, akatazama kamera iliyoachwa peke yake kwenye stendi, akanitazama mimi.

"Umeliona," alisema.

"Humu kuna nini?"

Akaweka chupa chini kwanza.

"Hamna mtu. Kuna shati. Lile la mistari alilokuwa anaacha kwangu, la kuvaa akija likizo. Na kofia yake."

"Mngeniambia."

"Ungekubali?"

Nilipangusa vumbi la saruji kwenye vidole.

"Mama alikuwa bado mzima," wifi alisema. Alikuwa anaongea huku ametazama ziwa. "Sisi tulirudi kutoka kwako bila mtu. Mama anatuuliza, mwanangu yuko wapi? Tunamwambia yuko Iringa. Anasema, Iringa ni wapi? Yeye hata Tukuyu alifika mara moja tu, kwa sababu ya jino. Kesho anauliza tena. Akawa hali chakula. Ndiyo kaka yangu mkubwa akasema tufanye hivi. Mchungaji hakupenda, lakini alituachia. Mama akawa anakuja hapa jioni, anakaa, anamsema, anamwambia habari za ng'ombe. Akapona. Mpaka alipokufa mwenyewe." Akaonyesha kwa kidevu. "Ndiyo hapo ulipokaa."

Niliruka kama nimeungua. Wifi akanishika mkono, akanirudisha chini.

"Kaa tu. Alikuwa anakupenda."

Mkwe wangu alipofariki mimi niliambiwa baada ya mazishi. Wifi alijua ninafikiria hilo, na mimi nilijua anajua, na hakuna aliyelisema. Alinimiminia chai. Chai nyingine ikamwagikia majani.

"Wifi," alisema, "nikuulize. Kweli alisema?"

"Alisema."

"Kwa maneno gani?"

"Nizike hapa hapa. Usinibebe."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Mimi angeniambia kwa lugha gani?"

Akalirudia kwa midomo bila sauti, usinibebe, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akasema, "Sisi angetuambia kwa Kinyakyusa." Na baadaye, kwa sauti ndogo kabisa, "Kwa nini hakutuambia sisi? Nilimpigia wiki ile ile. Tuliongea mpunga."

"Sijui, wifi. Hata mimi sikumuuliza. Nilijua tutaongea kesho yake."

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa sijamwambia mtu. Nilidhani ipo nafasi. Tulikaa. Ziwa lilikuwa limeanza kuchafuka, upepo wa mchana unatoka majini, na mawimbi yalikuwa yanapiga chini ya ukuta wa kanisa kwa mlio mzito, kama mtu anayeshusha magunia.

Ndipo akaniambia alichoniitia. Makaburi nayo yanahamishwa, ziwa litayafikia. Kila ukoo unahamisha watu wake kwenda kwenye kiwanja cha kanisa jipya. Wazee wamemuuliza: hili lenye shati, linahamishwa au linaachwa? Kaka yake mkubwa amesema lihamishwe. Yeye wifi akasema hapana, mke wake aje aseme.

"Kwa hiyo hukuniitia picha," nilisema.

"Na picha pia."

Niliangalia lile kopo la maua. Ningeweza kusema waliache, maji yalichukue, mume wangu ana kaburi moja na mimi ndiye ninayelijua. Sitaki kudanganya kwamba sikulitaka hilo. Lakini nilikuwa nimekalia kaburi la mwanamke aliyekuja hapa jioni kumwambia mtoto wake habari za ng'ombe.

"Lihamisheni," nilisema. "Liwe karibu na mama."

Wifi alivuta kanga usoni. Alilia kwa Kinyakyusa, yale maneno wanayosema wanawake wa kwao wakilia, nami sikuyaelewa hata moja, nikamshika bega. Hakunikumbatia. Hakuuondoa mkono wangu pia.

Nilirudi kwenye kamera. Picha yangu ya kanisa zima na ziwa niliipiga kutoka pale pale, nimesimama kati ya makaburi mawili, wifi akiwa nyuma yangu ili asionekane. Upepo ulirusha matone kwenye lenzi, nikawa nafuta kwa pindo la gauni, napiga, nafuta tena. Mzee wa kanisa alipokuja kuchukua ufunguo, nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alikinga jua kwa kiganja, akatazama.

"Kumbe lilikuwa zuri," alisema.

Niliondoka kesho yake. Wifi alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa mchele na mbasa waliokaushwa. Tulisimama tukisubiri gari. Lilipokuja akasema, "Msalimie," nami sikujua kama anamaanisha binti yangu au kaka yake. Sikumuuliza. Nilipofika Iringa nilikwenda makaburini siku iliyofuata, nikang'oa majani, nikamsalimia kwa Kiswahili, nikamwambia ni kutoka kwa dada yake.

Kanisa lilibomolewa. Picha nilizitengeneza kubwa nikazituma kwa basi, na nasikia moja imetundikwa ukutani kwenye kanisa jipya, karibu na mlango. Tofali nzima zimejenga jiko la usharika. Wifi alinipigia siku waliyohamisha makaburi. Aliniambia walipochimba lile dogo hawakukuta shati wala kofia. Walikuta vifungo tu, wakavikusanya, wakavizika tena juu, kandokando ya mama. Aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina.

Siku hizi ananipigia baadhi ya Jumapili. Hatuna mengi ya kuongea. Ananieleza mvua, namweleza baridi, na tukiishiwa ananyanyua simu juu ili nisikie wanavyoimba kanisani. Sauti inakatikakatika, na maneno siyajui. Nakaa kwenye kigoda jikoni, simu iko sikioni, nasikiliza mpaka ikatike yenyewe, halafu nainuka kuangalia maharage.